Hotuba Niliyowapa Watu wa Ikutha

Jamani, nawasimulia hili nikiwa bado naona haya. Mimi hutembea na gongo tangu polio iliponilemaza mguu nikiwa mtoto. Kanisani kwetu, kila mgeni akija, pasta huniinua: "Mwoneni Mwikali! Shujaa wetu!" Kwa lipi? Kwa kufika tu.

Juzi nilimpeleka beberu wangu kwenye maonyesho ya mifugo hapa Ikutha. Jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani, watu wakapiga makofi. Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya afisa wa mifugo kipaza sauti.

"Mimi si shujaa!" nikasema. "Nalima, nafuga, nachoka kama nyinyi. Msinipigie makofi eti kwa sababu nimepanda ngazi!"

Afisa akaniinamia kuninong'oneza, lakini kipaza sauti kikatangaza kila neno: "Mama, tumekuita kwa sababu ya mbuzi. Beberu wako amekuwa namba moja."

Watu wakaangua kicheko. Uso ukaniwaka moto. Kisha nikamtazama beberu wangu pale chini, mnene, manyoya yanang'aa, nikakiinua tena kipaza sauti.

"Kama ni hivyo," nikasema, "pigeni tena. Huyo nimemlea mwenyewe."