Kusukuma Ndege Homa Bay

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Migori. Shahada yangu ilikuwa ya historia. Mwalimu mkuu aliitazama, akaikunja, akasema kwamba mtu aliyefika chuo kikuu hawezi kushindwa na kitu kidogo kama umeme. Shule yenyewe haikuwa na umeme, kwa hiyo hakukuwa na chochote cha kunipinga.

Ndiyo sababu mdogo wangu wa kike alipofeli karatasi ya umeme wa ndege, ukoo mzima ulinigeukia mimi. Alikuwa akisomea urubani Nairobi, na kuruka aliruka vizuri. Kilichomwangusha ni swali la alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili itoe umeme na kuijaza betri. Alteneta ikifa angani, rubani afanye nini? Yeye aliandika kwamba atatafuta shamba lililo karibu atue upesi, kabla injini nayo haijazimika. Yeyote aliyelelewa na pikapu ya baba yetu angeandika hivyo hivyo. Betri ya pikapu ile ilipochoka, injini nayo ilichoka, na sisi watoto tulishuka bila kuambiwa, tukasukuma.

Mkufunzi mkuu wa shule yake alimpa nafasi moja ya mwisho, mtihani wa mdomo. Kwa kuwa alikuwa na safari ya kuwaleta madaktari Homa Bay, angemtahini pale pale uwanjani. Akifaulu, angepanda ndege hiyo hiyo kurudi masomoni. Akishindwa, ndege ingeondoka na yeye angebaki, na baba alikwisha kumtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. "Ualimu," baba alisema akinitazama mimi, "hauwezi kumshinda mtu yeyote."

Basi akaja kukaa kwangu Migori nimwokoe.

"Volti," nikamwambia jioni ya kwanza, kwa sauti niliyoitumia darasani nilipokuwa sijui, "ni kama urefu wa mnara wa tangi la maji. Tangi likiwa juu, maji yanakuja kwa nguvu. Ampea ni yale maji yanayopita. Ukinzani ni wembamba wa bomba."

"Kaka, bomba lako lilitoa maji lini mara ya mwisho?"

"Hilo ni swali la baraza la mji, si la fizikia."

"Basi ukinzani wake hauna mwisho."

Nilimpa alama moja, shingo upande. Kitabu chake kilikuwa kinene na chenye michoro, na nilikishika mimi kwa sababu mwalimu ndiye anayeshika kitabu. Yeye alinieleza kilichokuwamo. Cheche za injini ya ndege, alisema, hutengenezwa na vifaa viwili viitwavyo magneto, vinavyozungushwa na injini yenyewe. Betri ni ya kuzungusha stata, ile mota ya kuiamsha injini, na kuwasha redio na taa, basi.

"Kwa hiyo betri ikifa, injini haizimiki?"

"Haina habari."

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakwambia," nikasema, nikafungua ukurasa mwingine.

Alipomaliza kitabu akaanza kuikagua nyumba yangu. Nilikuwa na televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, fahari ya mtaa mzima siku za mpira. Fyuzi yake ilikuwa imekatika zamani, na mahali pake nilikuwa nimeviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kama watu wote waungwana wa Migori.

"Fyuzi huwekwa ili ife kabla ya waya," alisema akiichomoa kwa kucha. "Wewe umepanga waya ufe kwanza, halafu nyumba."

"Mbona inafanya kazi?"

"Inafanya kazi mpaka siku ya kazi yake."

Siku ya mtihani baba alikuja uwanjani Homa Bay na suti yake ya harusi na kofia. Alikuwa amelitangazia kanisa kwamba binti yake anakuja kuchukuliwa na ndege, bila kutaja mtihani, kwa hiyo kanisa lilikuja. Wavuvi walikuja, na akina mama wa samaki, na mwenye duka moja la vipuri mjini, Mwislamu kutoka Lamu, aliyekuwa na lori dogo na aliyekuwa akisubiri mzigo wake. Mbuzi walifukuzwa, ndege ikatua, madaktari wakapakiwa kwenye gari la hospitali. Akateremka mkufunzi, mtu mfupi mwenye miwani ya jua na sura ya kuona kwamba amechelewa mahali pengine.

Aliomba mahali patulivu. Kivuli kilichokuwapo kilikuwa cha bawa la ndege yake, na chini ya bawa hilo wilaya nzima ilikuwa imekwisha kujipanga.

Alifungua mlango, akawasha swichi kuu ili mdogo wangu amwonyeshe mita moja moja. Taa nyekundu juu ya mkia ikaanza kumetameta. Watu wakapiga makofi.

"Washa na nyingine!" akasema mama mmoja.

Sijawahi kukutana na mwanamume anayeweza kuhimili makofi. Mkufunzi aliwasha taa kubwa ya kutua. Kisha akashusha flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa, kwa mota ya umeme, akazipandisha, akazishusha tena kwa ajili ya waliochelewa kufika. Baada ya hapo akakumbuka kwamba alikuja kutahini.

"Kikata umeme cha redio kimeruka," akasema. "Unafanya nini?"

"Karatasi ya sigara!" sauti tatu au nne zikamsaidia. Yangu haikuwamo, ingawa mdomo ulikuwa wazi.

"Nasubiri kipoe, nakirudisha mara moja," akajibu mdogo wangu. "Kikiruka tena nakiacha. Kuna kitu kinaungua."

"Mshale wa ampea umelala kushoto."

"Betri inatoa na hakuna kinachoingia. Alteneta imekufa. Nazima kila kitu nisichokihitaji, nabakisha redio moja."

"Na injini?"

"Tua upesi!" akafoka baba, ambaye alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Injini inaendelea, mwalimu. Magneto hazitegemei betri."

Watu waliguna. Walimwonea huruma msichana aliyembishia baba yake hadharani na tena akakosea. Mkufunzi alivua miwani, akaifuta.

"Ni majibu ya kitabu," akasema. "Mara ya kwanza uliandika uongo, sasa umekariri ukweli. Sioni kama unaelewa. Mtu akikariri, siku mambo yakiharibika hana msaada. Samahani, binti. Siwezi kukurudisha."

Mdogo wangu hakulia. Aliukunja mkanda wa mkoba wake mara mbili, akaukunjua. Baba akauokota mkoba ule na kuanza kuupeleka kwenye pikapu, shingo imenyooka, kwa sababu kanisa lilikuwa linatazama. Mimi nilitafuta neno la kumfariji nikalipata, lilikuwa la kihistoria, nikalimeza.

Mkufunzi akapanda, akafunga mlango, akageuza ufunguo.

Tik.

Akageuza tena. Tik, kwa unyonge zaidi. Swichi kuu ilikuwa imewaka tangu makofi ya kwanza, na taa, na flapu zikipanda na kushuka. Kila mtu aliyewahi kumiliki gari katika wilaya ile aliutambua mlio huo, na nyuso zikang'aa. Hatimaye jambo lililo ndani ya uwezo wetu.

"Isukumwe!"

Baba aliurusha mkoba chini, akavua koti. Miaka yote nilikuwa sijamwona mwepesi vile. Wengine walishika mabawa, wengine mkia, kwaya ikashika popote, na ndege ikaanza kuteleza uwanjani huku mkufunzi amechomoza kichwa dirishani akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikiliza.

"Tia gia ya pili!" baba akamwamuru. "Achia klachi!"

"Haina klachi, mzee! Acheni! Mtavunja mkia!"

"Dereva wa kuazima," akasema baba, na akasukuma zaidi.

Mdogo wangu alikimbia mpaka ubavuni mwake. "Baba, magurudumu ya ndege hayajaungana na injini. Yanabingirika tu. Mnaweza kuisukuma mpaka Rodi Kopany, haitawaka."

Wakasimama, si kwa kumwamini, ila kwa kuchoka. Mkufunzi alishuka akijipangusa. "Nitazungusha propela kwa mkono," akasema.

"Injini itawaka," mdogo wangu akamjibu, kwa upole wa mtu asiye na la kupoteza tena. "Ila betri imekufa kabisa, na alteneta inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha. Utaruka bila redio mpaka Nairobi. Na mkono unaweza kuuacha hapa."

Mkufunzi aliutia mkono wake mfukoni.

"Ndege ni ya volti ishirini na nne. Naomba betri mbili za gari na nyaya."

Moja ilikuwa ya baba. Ya pili ilikuwa ya lori la mwenye duka, aliyeifungua mwenyewe. "Ichukue, mwanangu," akasema. "Lakini ikirudi maiti, nitakuja matangani kwenu na nitakula sana."

Betri ya ndege ilikuwa nyuma, ndani ya mkia, mbali na propela. Tuliziweka zetu kwenye nyasi, na hapo nikaona wakati wa fizikia umewadia. "Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi," nikatangaza. "Nguvu zinajumlishwa."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Mkufunzi alikunja mikono. "Kwa nini usifanye anavyosema mwalimu?" akamwuliza mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya mtihani, ya chini ya bawa.

"Akifanya hivyo anapata volti kumi na mbili zile zile, ila za kudumu. Stata itapiga tik kwa muda mrefu zaidi." Alichukua waya, akaunga chanya ya betri ya baba na hasi ya betri ya lori. "Zikifuatana hivi ndipo zinajumlishwa. Hizi ncha mbili zilizobaki ndizo zinakwenda kwenye ndege. Na injini ikiwaka msizichomoe haraka. Acheni alteneta iamke, mshale ulale kulia, ndipo mtoe."

Mkufunzi alizunguka akafungua mlango wa kulia, upande wasiokaa wanafunzi. "Kaa pale," akamwonyesha kiti cha kushoto. "Washa wewe."

Mimi nilipewa nyaya nizishikilie, kazi ambayo historia ilikuwa imeniandaa vizuri. Nikiwa nimechutama kwenye mkia nilimwona mdogo wangu akichungulia nje kabla ya kugusa ufunguo. Baba alikuwa amesimama mbele kabisa, hatua chache kutoka kwa propela, akimwelekeza kwa mikono miwili kama mtu anayeegesha lori.

"Baba, toka hapo," akasema. "Pita mbali, usimame nyuma ya bawa."

Nyumbani kwetu baba haambiwi toka. Niliona kofia ikiinuka, kidevu kikafuata, nikajua tunaanza jambo jingine.

"Baba. Siwashi ukiwa hapo."

Akaitazama propela, kisha akamtazama binti yake. Akazunguka mbali, akaja kusimama karibu nami, nyuma ya bawa, mikono mgongoni.

Propela ilizunguka kwa uzito, ikasita, injini ikakohoa, ikashika. Vumbi likaipa kwaya sababu ya kukimbia. Tulikaa hivyo mpaka dirisha la kulia likafunguliwa na kidole gumba cha mkufunzi kikatokea. Mshale ulikuwa umelala kulia. Nikachomoa nyaya, nikafunga kifuniko cha mkia.

"Mkoba wake!" mkufunzi akapaza sauti. "Leteni mkoba wake!"

Ulikuwa umelala nyasini pale baba alipoutupa. Nilikimbia kuuchukua, lakini baba alinitangulia, akaupangusa kwa mkono wa shati, akanikatalia niliponyoosha mkono kumsaidia. Aliupeleka mwenyewe, akipita mbali, nyuma ya mkia, kama alivyoambiwa.