Kiti cha Mkuu wa Maabara

Hamisa alikuwa amekaimu ukuu wa maabara mara mbili, katika hospitali moja binafsi ya Temeke, na mara zote mbili akamkabidhi kiti mwanamume ambaye ilibidi amfundishe hadi makabati ya kuwekea sampuli. Wa mwisho, Nikodemu, alikuwa na adabu zake. Kila mashine ikigoma, mbio kwa dada Hamisa. Naye alimsaidia. Angefanyaje, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi wanasubiri majibu?

Mwaka huu Nikodemu akahamia Dodoma, Hamisa akakaimu tena. Safari hii alikitaka cheo chenyewe, na hakuona haya kukitaka. Kikao cha kuamua kilikuwa Ijumaa. Jumatano akaingia kwa mkurugenzi, Mzee Kamugisha, akamwamkia, kisha akauliza kwa nini kila mara anarukwa.

Mzee Kamugisha, mtu mpole kabisa, alishangaa. "Kwani mumeo hakukwambia? Tulimpigia mara zote mbili, kwa heshima tu. Akasema watoto bado wadogo, Pugu ni mbali, tusikubebeshe mzigo."

Hamisa akavuta kiti, akakaa.

"Na mke wa Nikodemu, mzee, yeye alisemaje?"

Mke wa Nikodemu hakuwahi kupigiwa na mtu.

Jioni, nyumbani Pugu, Hamisa alimkuta mumewe Kondo jikoni anamenya viazi. Ndiyo, anamenya viazi, maana Kondo si mume mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Hamisa kupita yote. Angekuwa mkorofi, kumchukia kungekuwa kazi rahisi.

Alipomuuliza, Kondo hakukana. "Nilikuonea huruma, mama Najma. Ulikuwaga unarudi hoi, unakaa hapo mlangoni hata viatu huvui."

"Na bado narudi hoi, baba Najma. Miaka sita nafanya kazi ya mkuu, mkuu ni mwingine." Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. "Kwa nini hukuniuliza?"

Kondo akaweka kisu chini. Aibu ikamjaa usoni.

"Mie nilidhani nakusaidia," alisema. "Sasa Ijumaa wakinipigia tena, niwaambie nini?"

"Waambie namba yangu wanayo."