Seva Isiyojua Kusema Hapana

Hasira za Mama Seva zilikuwa na sababu, na anayebisha akamuulize shangazi yake.

Jina hilo walimpa wenzake hospitalini, maana yeye ndiye aliyetunza mitambo ya barua pepe katika kile chumba cha baridi nyuma ya stoo. Mitambo ilikuwa miwili. Seva kuu ilipokea barua za madaktari kila siku. Seva ya akiba ilikaa tu, ikingoja mwenzake azimike ili ishike zamu. Na hiyo ya akiba Mama Seva aliifunza adabu: kabla ya kupokea barua, iangalie kwanza kama mwenye anwani yupo. Hayupo? Ikatae palepale mlangoni, aliyeituma ajue, atafute njia nyingine.

Siku moja seva kuu imelala, barua iliyotumwa kwa daktari mpya ikakataliwa, maana jina lake lilikuwa halijaingizwa. Loo, mkurugenzi alivyokuja juu!

"Hospitali yangu haifukuzi barua za watu! Hiyo ya akiba ipokee zote."

"Bosi, tuingize majina mapya kila asubuhi, yataisha hayo. Ikipokea zote, za wasiokuwepo zitaishia wapi?"

"Nimesema zote."

Mama Seva akauzima ule ukaguzi huku anasaga meno. Angefanyaje, nayo ndiyo kazi inayomlisha?

Haya. Shangazi yake, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya sare, akaota uvimbe kwenye titi. Kikakatwa kipande, kikapelekwa maabara ya mbali. Majibu yakatumwa kwa barua pepe siku ambayo seva kuu ilikuwa imezimika, tena kwa daktari aliyekwisha kuhama na anwani yake kufutwa. Ya akiba ikapokea, ikajibu imefika, kwa heshima zote! Maabara wakafunga faili. Seva kuu ilipoamka, ikakabidhiwa ile barua, ikaikataa. Ya akiba ikajaribu kuirudisha, kumbe mashine ya maabara hutuma tu, haipokei. Barua ikafia hapo. Ingekataliwa mlangoni, maabara wangepiga simu wodini siku hiyohiyo, ndivyo walivyozoea.

Shangazi akawa mtu wa benchi. Kila akiuliza, dada wa mapokezi anatabasamu: "Yako njiani, mama." Njiani wapi! Mwezi mzima mama wa watu anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, mpaka Mama Seva akachoka, akapiga simu maabara mwenyewe.

"Mbona tulituma zamani," wakamwambia, "na mkapokea?"

Akafungua kumbukumbu za seva ya akiba, akaiona. Akaingia kwa mkurugenzi bila hodi, akamwekea kompyuta mbele ya chai yake.

"Soma. Huyo mgonjwa ni shangazi yangu. Na hiyo ndiyo barua uliyosema isifukuzwe."

"Tutaliangalia hilo suala..."

"Nimeshaliangalia! Ukaguzi nimeuwasha sasa hivi. Ukitaka uzimwe, njoo uuzime kwa mkono wako, halafu twende wote ukamweleze yule mama pale benchi."

Bwana mkubwa hakuinuka kitini.

Jioni ile shangazi na Mama Seva wakakaa mbele ya daktari wa upasuaji. Akayasoma majibu, ambayo maabara walikuwa wameyatuma upya, akakohoa, akaanza maneno ya sukari. "Usijali mama, tutajitahidi, tutaona..."

"Mwanangu," shangazi akamkatiza, "nimeambiwa tutaona mpaka masikio yameota sugu. Titi litapona, halitapona?"

Daktari akaweka karatasi chini. "Haliponi, mama. Lazima liondolewe. Mwezi uliopita pengine tungeliokoa. Lakini wewe mwenyewe tumekuwahi."

Mama Seva akaupiga ukuta ngumi, machozi yakamtoka. Shangazi akamshika mkono ule, akautuliza pajani mwake, macho bado kwa daktari.

"Asante," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu. Sasa niambie ni lini, nikapange nguo."