Barua ya Kuomba Mtoto Arudie Darasa

Mwaka ule shule yetu ilishika mkia wilayani katika matokeo ya kidato cha nne. Ni shule ya kata, upande wa Nkololo, yenye uwanja ambao ng'ombe huukatiza kila asubuhi wakipelekwa lamboni kunywa maji. Nilikuwa nafundisha jiografia, na ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa taaluma, yaani kazi ya kupanga mitihani, kukusanya alama na kubandika matokeo ukutani.

Mkuu wetu wa shule aliitwa kikaoni Bariadi mjini. Aliporudi hakuingia ofisini kwake. Alikaa nasi kwenye chumba cha walimu, koti likiwa bado na vumbi la pikipiki, akatueleza kwamba wakuu wa shule za mwisho walisimamishwa mmoja mmoja mbele ya wenzao, waseme wanalipwa mshahara wa nini.

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu," alisema. "Sijawahi kusimamishwa vile hata nilipokuwa mwanafunzi."

Hakuwa mtu mbaya. Ninaliandika hilo mapema kwa sababu ingekuwa rahisi kumtupia yeye yote yaliyofuata.

Mwishoni mwa mwaka, kidato cha tatu walipomaliza mtihani wao, aliniita akaniomba orodha ya alama. Alipiga mstari wa kalamu nyekundu juu ya majina kumi ya chini.

"Hawa wakisajiliwa kufanya mtihani wa taifa, mwakani tutakuwa na ziro kumi kabla hatujaanza," alisema. "Sheria hairuhusu tuwazuie. Lakini mzazi anaweza kuomba mtoto wake arudie kidato cha tatu. Kwa barua."

"Wazazi wengi hapa hawajui kuandika, mkuu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Unaongea nao Kisukuma."

Ni kweli, mimi ni wa Nassa, na Kisukuma ndicho nilichonyonya. Pale shuleni tulikuwa tukiwaadhibu wanafunzi kwa kukiongea. Mwenye kosa alichota maji au alifyeka majani. Sasa lugha ileile ndiyo ilitakiwa ikawatoe kwenye mtihani.

Jina la tisa kutoka chini lilikuwa la binti niliyemfahamu vizuri. Alianza shule amechelewa, kwa hiyo alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kuliko wenzake, na akikuamkia hata darasani alikunja magoti kama yuko nyumbani. Ukimuuliza kwa Kiswahili kwa nini mvua za upande wetu hazitabiriki, alikueleza vizuri, na akaongeza mambo ambayo baba yake huyaangalia kabla ya kupanda pamba. Ukimpa swali hilohilo kwa Kiingereza, kama lilivyokuja kwenye mtihani, aliandika mistari miwili na kuifuta mmoja. Muhula ule wa mwisho alikuwa ameanza kuielewa ramani. Jioni nilikuwa namwona akimwelekeza jirani yake wa dawati namna ya kupima umbali wa barabara kwa uzi. Huyo jirani alikuwa wa kwanza juu ya mstari mwekundu.

Nilikwenda kwao kwa bodaboda siku ya Jumamosi. Ilikuwa wakati wa kupanda, baba yupo shambani na jembe la ng'ombe, na mama nilimkuta uani akianika michembe, vipande vya viazi vitamu.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia.

"Mwadila," alijibu, akafurahi kusikia mwalimu anaamkia hivyo. Alinitolea kigoda, akaleta maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Binti alikuja akapiga magoti, "Shikamoo madamu," kisha akakaa chini karibu na mama yake, akaitazama bahasha niliyoishika.

Nilimweleza mama kwa Kisukuma kwamba mtoto wake ana bidii, ila bado hajaiva. Akiupata mwaka mmoja zaidi ataufanya mtihani akiwa na nguvu. Kila neno nililosema lingeweza kuwa kweli. Sikumwambia kuhusu ule mstari wa kalamu.

"Atarudi shuleni?" aliuliza mama.

"Atarudi. Ila kidato cha tatu tena."

"Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Binti alisema taratibu, kwa Kiswahili, ili mama yake asifuatilie vizuri: "Madamu, baba alisema mwisho wa kunisomesha ni mwakani. Nikirudia, kidato cha nne sitakifika."

"Nitaongea na baba," nilimjibu.

"Utaongea naye leo?"

Nilisema nitakuja siku nyingine. Kisha nikatoa karatasi, nikaandika palepale juu ya goti langu: Mimi mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, naomba mtoto wangu aruhusiwe kurudia kidato cha tatu kutokana na maendeleo yake kutoridhisha. Nilimpaka mama wino kwenye dole gumba, naye akalikandamiza chini ya maneno yangu. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akashika kuku mmoja uani, akamfunga miguu kwa kitambaa na kunipa. Alidhani nimemsaidia mtoto wake. Nilimpeleka yule kuku shuleni, tukampika na walimu wenzangu. Nami nilikula.

Januari binti alirudi. Alikaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye kwa wiki tatu, dawati la nyuma, magoti yakigonga ubao wa dawati. Wenzake wa zamani walipita dirishani wakienda kwenye vipindi vya ziada vya kidato cha nne, na yeye aliinama kwenye daftari mpaka wapite. Wiki ya nne hakuja. Nilimtuma kiranja kuuliza, akaniletea jibu kwamba anaumwa. Mwezi uliofuata jibu lilikuwa kwamba baba amesema basi. Kwa baba yake sikuwahi kwenda. Nilikuwa na mitihani ya majaribio ya kutunga na kusahihisha, na nilijiambia nitakwenda wakati wa likizo. Baada ya mavuno ya pamba nilisikia ameolewa Mwandoya.

Matokeo yalipotoka, shule yetu ilikuwa imepanda sana. Mkuu alipewa cheti kwenye kikao kilekile walichomsimamisha, na safari hii alisimama mwenyewe kukipokea. Tulipika pilau shuleni. Afisa elimu alinitaja mbele ya wazazi kama mwalimu wa taaluma mwenye mikakati. Kati ya wale kumi, wawili tu ndio walikuwa bado wanasoma. Mwaka huo ilipoandaliwa orodha nyingine nilimwambia mkuu siwezi tena kuandika barua za watu. Hakubishana nami. Kazi ilipewa mwalimu mwingine, na barua zikaandikwa.

Miaka miwili baadaye nilipangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule moja ya Meatu. Jumamosi ambayo haikuwa na mtihani nilikwenda Mwandoya, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Nilimkuta anapalilia, mtoto amelala kwenye kanga pembeni ya shamba. Alinitambua kabla sijafika. Alipiga magoti kwenye udongo, "Shikamoo madamu."

Tulikaa kivulini kwenye ukuta wa nyumba. Aliuliza habari za shule, za walimu, za kisima kama kimetengenezwa. Halafu akauliza kuhusu yule jirani yake wa dawati.

"Alipata daraja la nne," nilisema. "Yuko Bariadi mjini, amepata nafasi ya kusoma ualimu wa chekechea."

"Jiografia alipata nini?"

"Alipata C."

Alimfukuza nzi usoni kwa mtoto. "Ile ramani nilimfundisha mimi."

"Najua."

"Mama aliamini ile barua ilikuwa ya kuomba nisaidiwe. Mpaka leo anakutaja vizuri."

Nilimwambia yote: kikao, mstari mwekundu, majina kumi. Nilimwomba anisamehe. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema, "Yameshapita, madamu," kama unavyomwambia mgeni aliyemwaga maziwa. Ningependelea anitukane.

Nilimshawishi ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mume wake, kijana mpole mwenye ng'ombe wachache, alikubali ilimradi kazi za shamba zisilale. Nilimpelekea madaftari yangu na mitihani ya nyuma. Alisoma kwa mwaka mmoja, anavyoweza mtu mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alifanya mtihani Bariadi mjini. Mama yake alikaa nje ya geti na mtoto mchanga, na kila somo likiisha binti alitoka kwanza kumnyonyesha.

Matokeo niliyaangalia kwenye simu, nikiwa chumba cha walimu. Alipata D ya Kiswahili. Mengine yote yalikuwa F, na jiografia ilikuwemo. Kwa D moja tu, ilikuwa ziro.

Mkuu wetu alikuwa ameshastaafu, lakini mwalimu mmoja aliyekaa karibu aliona kioo cha simu yangu, akasema bila ubaya wowote, "Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi." Labda alikuwa sahihi. Labda binti angepata ziro hata mwaka ule, akiwa na miaka kumi na tisa, bila mtoto, Kiingereza chake kidogo kikiwa bado kichwani na uzi wa kupimia ramani mkononi. Labda angepata C kama jirani yake. Palikuwa na siku moja ya kulijua hilo, na niliifuta mimi kwa mwandiko wangu, kwa jina la mama yake.

Nilimpigia simu jioni ileile. Nilimsomea somo moja moja, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

"Ile D ni ya nini?" aliuliza nilipomaliza.

"Kiswahili."

"Haya, madamu."

Nilimwambia anaweza kurudia mwaka unaofuata, masomo machache tu, nitalipia ada. Alisema atafikiri. Nyuma yake nilisikia mtoto akilia na mtu akiita ng'ombe waingizwe zizini. Alinishukuru kwa madaftari, akasema atayapeleka kwa mdogo wake aliyeingia kidato cha pili, kisha akaniaga. Sijamsikia tena akiutaja mtihani, na mimi sijamuuliza.