Kiyunani cha Mama Salamsioni

Salamsioni alipofika Iskandaria kutoka Yudea, mjane mwenye mtoto mgongoni, aliapa kwamba Kiyunani hakitaingia kinywani mwake. Njaa ilimlegeza. Akawa anagombana na wauza samaki kwa Kiyunani cha kuchekesha, matusi yakiwemo. Lakini kusali kwa lugha hiyo? Ng'o!

"Mungu alisema na Musa Kiebrania," alizoea kusema akichambua dengu. "Leo mnataka ajifunze lugha ukubwani?"

Mwanawe Sabataio alikuwa mfumaji mpole, na Kiebrania chake hakikuzidi amina. Kila Sabato alikwenda peke yake kwenye nyumba ya sala, kulikosomwa Torati kwa Kiyunani, huku mama akisali jikoni. Jambo hilo lilimuuma. Mama alikuwa akizeeka, naye alitamani wasali pamoja walau mara moja kabla hajamzika.

Siku alipochaguliwa kusoma, alimbembeleza mpaka akakubali.

"Nakuja kukusikiliza wewe tu," mama akaonya. "Sala nimeshasali."

Kitabu kilikuwa kipya. Aliyekinakili, mcha Mungu kupita kiasi, alikuwa ameandika yote kwa Kiyunani, ila Jina la Mungu akaliacha kwa herufi zake nne za Kiebrania. Kwa umbo zilifanana na herufi za Kiyunani, na maskini Sabataio akazisoma hivyo, maana ndizo pekee alizozijua.

"Kisha Pipi akamwambia Musa..."

Mtu akaguna. Sabataio alijua ameharibu, ila hakujua wapi, kwa hiyo akarudia kwa sauti zaidi. "Pipi akamwambia Musa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Sabataio, huyo Pipi anakaa mtaa gani?"

Masikio yakamwaka moto. Hakuthubutu kutazama walikokaa wanawake. Mama sasa alikuwa amepata sababu ya kutokanyaga tena pale.

Salamsioni akasimama. Habari ile aliijua kwa ghibu tangu utotoni, akajua fika pale pana Jina gani. Alijua pia kwamba Wayahudi wa mji huu, wakilifikia, hawalitamki bali husema Kirio, yaani Bwana. Neno hilo alikuwa amelikataa miaka yote.

"Nyamazeni! Kucheka mnaweza, kumsaidia hamuwezi?" Sauti yake ikalainika. "Kirio, mwanangu. Sema Kirio."

"Kirio," akasema Sabataio, machozi yakimlengalenga.

"Kirio," akaitikia mama yake, kisha akafumba macho akaanza kusali.