Zipu Zilipochelewa, Tukaiona Guangzhou

Mume wangu ameenda Guangzhou miaka mingi kununua mikoba ya kike ya kuuza Kariakoo, na kila nilipomwuliza mji wenyewe ukoje, jibu lake lilikuwa lilelile: "Kuna joto, kuna foleni, kuna mizigo." Kwa hiyo mtoto wetu wa mwisho alipokwenda shule ya bweni na nyumba ikapoa ghafla, mume wangu akaniambia, "Twende wote safari hii, utanisaidia kuchagua rangi," sikuruka kwa furaha. Nilifunga sanduku kama mtu anayekwenda kumwuguza mgonjwa.

Hoteli yetu ilikuwa Huanshi Zhonglu, barabara ambayo ukifumba macho utadhani hujatoka nyumbani. Watu wa Dar na Unguja wanasalimiana kwa sauti toka upande huu wa barabara hadi ule, Wakongo wanabishana kwa Kifaransa, na mishikaki inanukia mlangoni mwa migahawa ya Waislamu. Tulipofika tu, tukakodi gari hadi Shiling, mji wa mikoba na ngozi. Nikachagua rangi mpaka macho yakaniwasha. Mwenye kiwanda, mwanamke mchangamfu ambaye hata akinong'ona anasikika nje, alituahidi kwa Kiingereza chake cha biashara kwamba mzigo ungekuwa tayari mara moja. Kesho yake akapiga simu. Zipu zimekuja za rangi ya dhahabu na sisi tuliagiza za rangi ya fedha. Itabidi tusubiri siku kadhaa.

Mume wangu aliketi ukingoni mwa kitanda kama abiria aliyeachwa na meli.

"Siku kadhaa! Sasa tutafanya nini?"

"Tutatembea," nikasema.

"Tutembee wapi, mama watoto? Hapa hakuna pa kutembea."

"Wewe umefika wapi hata ukajua?"

Akaanza kunitajia: hapa mtaani, Shiling, bandari ya Huangpu kwa wakala wa makontena, uwanja wa ndege. Akatafuta pa tano, hakupata. Tukacheka wote wawili, nami nikavaa raba zangu.

Hatukwenda mbali. Tulivuka daraja la waenda kwa miguu lenye maua ya pinki yaliyomwagika pembeni, tukatembea kidogo, tukajikuta tumeingia bustani ya Yuexiu. Kuna vilima, kuna maziwa, kuna miti mikubwa ambayo mizizi yake inaning'inia hewani kama ndevu.

"Karibu hivi na hotelini, na hujawahi kuingia?"

"Nilidhani ni msitu tu," akajibu, na kwa kweli alionekana kuona haya.

Chini ya miti ile kikundi cha wazee, wanawake kwa wanaume, walikuwa wamesimama duara wakipigiana kwa miguu kitu kidogo chenye kitako cha mpira na manyoya marefu juu. Mkono hauruhusiwi, na kisianguke chini. Mume wangu akasimama. Kabla hajawa mfanyabiashara, kabla sijamjua, alikuwa winga wa kushoto wa timu moja ya mtaani pale Ilala. Haya niliyasikia kwa ndugu zake. Yeye mwenyewe hayasemi. Siku hizi tumbo ndilo linalotangulia kuingia mlangoni.

Mama mmoja mwenye mvi na suti ya michezo nyekundu alimwona anavyotazama, akamwita kwa mkono.

"Mimi? Hapana, hapana," akasema kwa Kiswahili. Yule mama hakusubiri, akampigia. Mume wangu akarusha mguu, akakikosa kabisa, na kandambili yake ikaruka hadi kwenye maua. Duara zima likacheka. Nikajua sasa atanuna tuondoke. Badala yake akavua na ile nyingine, akakunja suruali. Kilipomjia tena alikipokea kwa kifua, kikashukia gotini, akakirudisha kwa kisigino bila kugeuka nyuma. Wazee wale wakapiga kelele kama uwanjani.

Walipochoka wakatukokota hadi mkahawa wa chai, jirani na bustani. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa nguruwe, nikaanza kumwigiza mlio wake huku natikisa kichwa. Mama wa suti nyekundu alielewa papo hapo, akasukuma sahani zote mbali nasi, akatuagizia chai na matunda. Akanifundisha kuvisuuza vikombe kwa chai ya moto kwanza, na kugonga meza kwa vidole kumshukuru anayekumiminia.

Mzee aliyeketi karibu na mume wangu akamwuliza jambo, polepole, kwa Kichina. Sasa, Kichina cha mume wangu ni cha sokoni: bosi, hakuna, punguza. Akajibu kwa kujiamini, "Tai gui la!" yaani ghali mno. Meza nzima ikaangua kicheko, mzee akapaliwa na chai. Nikatoa simu inayotafsiri, mzee akarudia swali, likatokea kwenye kioo: "Huyu ni mkeo?"

"Mwambie kweli mimi ni ghali," nikasema, "na sijapunguza bei mpaka leo." Mume wangu alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake.

Kesho yake yeye ndiye aliyeniamsha. "Amka, watatuacha." Na kesho yake tena. Siku moja, yuko katikati ya mchezo, simu ikalia. Nikapokea mimi. Ni mwenye kiwanda: zipu zimefika na mikoba imekamilika, njooni mkague. Nikamwita mume wangu.

"Mwambie kesho!" akajibu, jicho liko kwenye manyoya.

Nikamwambia mwenye kiwanda kesho, nikiwa siamini masikio yangu. Mtu huyuhuyu aliondoka kwenye harusi ya dada yangu kabla ya pilau kwa sababu kontena lilikuwa limeshuka bandarini.

Tulikwenda kesho yake, na mikoba ilikuwa mizuri. Tukaufuata mzigo hadi Huangpu. Wakati wa kurudi foleni ikatukamata, na humo garini, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia habari za mpira: chenga zake, mechi za Jumapili, kocha aliyetaka kumpeleka timu kubwa, na jinsi baba yake alivyofariki na duka likamhitaji. Nimezaa naye, nimezeeka naye, na sikuwahi kuyasikia.

"Unajuta?" nikamwuliza.

Akatazama magari. "Zamani nilijuta. Wiki hii sikukumbuka kujuta."

Kisha akasema ana njaa, tukamwomba dereva atushushe palipokuwa na tambi.