Filimbi za Barabara ya Geita

Hadi leo mtu akinipigia makofi mjini Kahama damu inanichemka. Wengine hunifuata mpaka sokoni Nyasubi na simu zao, wanataka picha na bingwa wa zamani. Picha nawapa. Ila asiniguse mtu goti, tutakosana.

Nilikuwa bingwa wa baiskeli kwelikweli, sijisifu. Siku za mashindano wachimbaji waliacha mashimo yao ya dhahabu wakaja kujipanga barabarani na filimbi, vumbi bado usoni. Akina mama walipiga vigelegele. Nilishinda zawadi za madume ya ng'ombe mpaka baba, aliyezoea kuniita mkimbia jembe, akaanza kujigamba nami kilabuni. Na mbele ya mashabiki wote alikuwepo muuza mchele mmoja wa kijiji cha kando ya barabara ya Geita. Kwenye vilima alikimbia pembeni yangu akinimwagia maji kichwani, na nikishinda analia. Mwanawe wa kwanza alimpa jina langu. Nilimpenda yule bwana kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Asubuhi moja, mashindano makubwa yamekaribia, nilikuwa mazoezini peke yangu kwenye barabara hiyohiyo. Nimevaa kofia ngumu na miwani, vumbi mpaka kwenye meno. Sikujua kwamba alfajiri ile mnunuzi wa dhahabu alikatwa mapanga kijiji cha nyuma, na muuaji katoroka kwa baiskeli. Mwano ulikuwa umeshapigwa, lile yowe letu Wasukuma linalopokewa kijiji hadi kijiji, na sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wametoka na fimbo.

Mimi nikaona nini? Watu wamejaa pande zote mbili, filimbi, kelele. Nikasema moyoni, jamani, hawa wananipenda! Nikawapungia mkono, nikasimama juu ya pedali, nikaongeza mwendo.

Anayeongeza mwendo mbele ya mwano haulizwi kitu. Waliingiza mti kwenye spoku za gurudumu la mbele nikaruka, nikatua kwa uso. Fimbo zikaanza hapohapo, mgongoni, kwenye mbavu, mkono wa kulia ukavunjika nikiusikia. Nilijaribu kutaja jina langu, damu ikanijaa mdomoni. Nikakunja miguu chini ya tumbo. Nilijua pua itapona na mkono utapona, lakini mguu ukienda, mimi nimekwisha. Wakanivuta, wakainyoosha ile miguu, rungu likashuka kwenye goti la kushoto. Nikamwita mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Kilichoniokoa ni simu. Muuaji alikuwa amekamatwa porini na baiskeli yake. Ndipo wakanivua kofia na miwani, wakanitambua, kisha haohao wakanipakia kwenye gari kunipeleka hospitali.

Daktari alisema nitatembea. Kuhusu baiskeli hakusema lolote, nami niliogopa kumuuliza.

Muuza mchele alikuja kila siku na uji wa ulezi, akaninywesha kwa kijiko huku machozi yanamtoka. Mimi mgonjwa ndiye niliyembembeleza. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Kaka, mimi nilikutambua tangu ulipoanguka."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akanieleza kana kwamba sikuzaliwa huku: kwenye mwano kila aliyefika lazima apige, ili kesho asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole. Ukisimama mikono mitupu, wewe ni mwenzake mwizi, unalazwa naye palepale. Na yeye ana mke na watoto.

"Kwa hiyo ukapiga," nikasema.

"Mara moja tu, kaka."

"Wapi?"

 Akaangalia plasta ya mguu wangu wa kushoto.

Nilimkaba koo kwa mkono uliobaki mzima. Uji ukamwagika kitandani, macho yakamtoka, na sikulegeza. Wauguzi wawili walinibandua kidole kimoja kimoja. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwamba waliwahi. Bado sijamshukuru.